Kuponda Bomba Si Kutengeneza Breki

Kuziba bomba la breki la gurudumu moja la nyuma ni kosa lisilo na udhuru. Kazi yenyewe mmeiona: pikapu ya tani moja inaingia gereji, silinda ya nyuma kulia inavuja, viatu vya breki vimelowa; fundi anakunja bomba, analiponda kwa nyundo, anajaza mafuta, anatoa upepo, na gari linarudi kubeba mzigo. Upepo umetolewa vizuri na viatu vya kushoto vimekazwa sawasawa. Sifa ziishie hapo.

Kinachomdanganya dereva ni pedeli, kwa kuwa sasa inakuwa ngumu na inashika juu. Ugumu huo haumaanishi breki imeongezeka. Silinda moja ikiondolewa, mafuta ya kusogeza pistoni yanapungua, na mguu unakutana na ukinzani mapema. Tupige hesabu bila busta: mguu ukikanyaga kwa nyutoni 300 na pedeli ikizidisha mara 4, masta silinda yenye eneo la milimita 400 za mraba inatoa nyutoni 3 kwa kila milimita ya mraba. Pistoni ya nyuma yenye milimita 300 za mraba inasukuma kiatu chake kwa nyutoni 900. Kwa kanuni ya Pascal mkandamizo ni uleule kila mahali, kwa hiyo gurudumu lililozibwa halimwachii mwenzake fungu lake: kushoto hubaki 900, kulia sifuri. Gari linavutwa kushoto, kwenye ukingo wa barabara na waenda kwa miguu. Likizibwa la kushoto, linavutwa kulia, na kwa sisi tunaoendesha kushoto huko ndiko yanakotoka magari mengine. Usawa huu wa mkandamizo ndio uliotafutwa na Malcolm Loughead, mbunifu wa breki za mafuta, na watengeneza magari wa Duesenberg wakauweka kwenye magurudumu manne mwaka 1921, kwa sababu fito na waya za breki za awali zilikuwa ngumu kulinganisha. Nyundo moja inaifuta kazi hiyo.

Watasema breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Ni kweli kwa pikapu tupu, maana uzito hukimbilia mbele. Lakini pikapu nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma inayopima mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka, kisha inaruhusu mkandamizo zaidi nyuma. Mhandisi aliitegemea ekseli hiyo hasa gari likiwa limejaa, na fundi ameinyang'anya nusu. Watasema pia masta silinda ina njia mbili. Njia ya pili iliwekwa ili gari lisimame siku njia ya kwanza inapokufa, haikuwekwa iwe kibali cha kusafirisha saruji.

Hoja kwamba spea ni taabu kupata ndiyo dhaifu kuliko zote, kwani raba kapu, ile inayoziba mafuta ndani ya silinda, ni kifaa kidogo, na uvujaji wenyewe huzaliwa na uzembe ninaoulalamikia kila mara: mafuta yasiyobadilishwa. Mafuta mapya ya breki ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140, na maji hayohayo huitia silinda kutu inayokwaruza raba. Anayeongeza mafuta ya injini anazivimbisha raba zote. Fungua silinda zote mbili za nyuma, weka raba mpya, badilisha viatu pande zote na mafuta yote. Hadi hapo, gari lisipakiwe mzigo wala lisiingie barabarani.