Simu Inayojisimulia: Tuipime Michezo ya Video

Wazazi wengi wanauliza siku hizi: "Je, michezo ya video ni dhambi?" Na vijana wanajibu upesi: "Mchezo ni mchezo tu, hauna neno." Mimi ni mchezaji, naipenda michezo hii, nami naona ya kuwa pande zote mbili zinakata shauri mapema mno. Mchezo wa video ni kazi ya mikono na akili za watu, sawa na kitabu au filamu. Aliyeutunga alikuwa na nia yake. Kwa hiyo yatupasa kuusoma kama tusomavyo kitabu, na kuuliza: Unasema nini? Je, unasema kweli? Na mtu akiisha kuucheza, umemwacha huru au umemfunga?

Leo napenda kuupima mchezo mmoja mdogo, ambao kwetu Kayna haujulikani sana, ingawa unatuhusu sisi kuliko wengi wanaoucheza. Jina lake ni Phone Story, ndiyo kusema Hadithi ya Simu.

MCHEZO WENYEWE

Mtungaji wake ni Paolo Pedercini, Mwitalia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Michezo yake hutoka kwa jina la Molleindustria. Phone Story ulitokea Septemba 2011, ukauzwa kwa bei isiyofika dola moja.

Ukiufungua, simu yenyewe inaanza kusema. Inakusimulia jinsi ilivyozaliwa, kwa sura nne. Sura ya kwanza ni Kongo. Watoto wanachimba koltani, na mchezaji anapewa askari wawili wenye bunduki. Mtoto akichoka na kusimama, mchezaji humpelekea askari amkaripie, naye huanza tena kuchimba. Muda ni mfupi, na kiasi cha madini kimekwisha kuwekwa. Kisipotimia, umeshindwa.

Sura ya pili ni kiwanda cha China. Wafanyakazi waliokata tamaa wanajirusha kutoka juu ya nyumba, nawe unakimbiza turubai huku na huku ili uwadake. Sura hiyo inakumbusha vifo vilivyotokea kweli mwaka 2010 katika viwanda vya Foxconn huko Shenzhen. Sura ya tatu ni duka la nchi tajiri, ambapo wanunuzi wanakimbilia simu mpya kama wenye njaa wanaokimbilia mkate. Sura ya nne ni Pakistani, ambako simu iliyotupwa inavunjwavunjwa katikati ya moshi na sumu.

Mchezo wote unakwisha kwa dakika chache. Hata hivyo, kampuni ya Apple iliuondoa katika duka lake siku ileile ulipotangazwa, tarehe 13 Septemba 2011. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba mchezo ulionyesha watoto wakitendewa ukatili. Ukaendelea kupatikana kwa simu za Android. Msomaji, ona jambo hili: picha ya mtoto anayechimba ilikatazwa kuingia dukani, lakini tantali itokayo katika madini kama yale ilikuwa ikiingia ndani ya simu za dunia nzima bila kupigiwa hodi.

JE, UNASEMA KWELI?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Katika koltani hutolewa metali iitwayo tantali. Kwa tantali hutengenezwa vidude vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi na kuutoa sawasawa. Tantali huvumilia joto na hutunza umeme mwingi mahali padogo. Ndiyo maana simu inaweza kuwa nyembamba, na mashine ya michezo inaweza kukaa juu ya meza bila kuwa kubwa kama kabati.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 2000. Mwaka huo bei ya tantali ilipanda mara nyingi kupita ilivyokuwa, kwa sababu viwanda vya simu na vya kompyuta viliigombania. Mwaka uleule Sony ilitoa PlayStation 2, kwanza Japani mwezi wa Machi, kisha Marekani na Ulaya kabla ya Noeli. Katika Kivu watu waliacha majembe ya shamba wakaenda kuchimba Masisi na Walikale, hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi wakarudi mikono mitupu. Baadaye wako waandishi walioviita vita vyetu "vita vya PlayStation".

Hapa tuwe waangalifu. Vita vile vilikuwa vimekwisha kuanza Agosti 1998, kabla ya mashine hiyo kuuzwa. Mchezo haukuuwasha moto. Bali tamaa ya vitu vipya ilitia kuni, na wenye bunduki wakaota moto huo. Hata sasa habari hii haijawa hadithi ya kale. Mwaka 2024 machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yaliangukia mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya Desemba 2024, walieleza kwamba kundi hilo lilitoza katika koltani ya huko kodi isiyopungua dola 800,000 kila mwezi. Na mwishoni mwa Juni mwaka huohuo vita vilifika Kanyabayonga, kisha kwetu Kayna, na Kirumba. Watu walioshika barabara ya Lubero na Butembo, godoro kichwani na mtoto mgongoni, hawahitaji mchezo wa kuwafundisha ya kuwa kitu kidogo chaweza kuwa na gharama kubwa.

UZURI WAKE NA KASORO YAKE

Sifa ya kwanza ya Phone Story ni kwamba haumwachi mchezaji awe mtazamaji. Gazeti hukuambia, "Watoto wanateswa." Nawe unasikitika, unageuza ukurasa. Mchezo huu unakuweka mahali pa msimamizi mwenye bunduki, na kidole chako mwenyewe ndicho kinachomkaripia mtoto. Mwenye huruma anashindwa, na asiye na huruma anapita kwenda sura inayofuata. Hivyo ndivyo biashara nyingi za dunia zilivyopangwa, na hakuna kitabu kiwezacho kukuonjesha jambo hilo kwa namna hiyo. Huo ndio ufundi wa mchezo wa video unapotungwa vizuri: haukuelezi sheria, unakufanya uiishi.

Lakini kasoro yake nayo ni kubwa. Watoto wale hawana majina. Hawana mama, hawana nyumba, hawaimbi wala hawasali. Kongo katika mchezo huu ni shimo na bunduki tu. Mgeni akiucheza atafikiri ya kuwa hatuna mashamba ya maharage na mihogo, hatuna shule, wala kengele ya Misa. Mtungaji alitaka kutuhurumia, akasahau kutujua. Huruma isiyomjua mtu humfanya kuwa kitu, na mtu si kitu hata anapoliliwa.

Tena mtungaji alidhani mchezaji yuko Ulaya au Marekani, na mchimbaji yuko Kongo. Kwetu mambo hayako hivyo. Kijana wa Kayna anayelipa franka zake ili simu itiwe moto kwenye paneli ya jua, huyohuyo huenda ana ndugu aliye machimboni Walikale. Sisi tumo pande zote mbili za kioo. Kwa hiyo hatuwezi kujificha nyuma ya neno "wazungu wametenda", wala nyuma ya neno "sisi ni maskini tu".

Je, tuzitupe simu? Hapana. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema, na amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Wachimbaji wengi waliokuwa wakilisha watoto wao kwa kazi hiyo walibaki bila kitu, na wenye bunduki hawakutoweka. Kufunga mlango peke yake si haki. Mchimbaji anahitaji mshahara wa halali, shimo lisilomfukia, na barabara isiyo na vizuizi vya kumnyang'anya. Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliuambia ulimwengu uondoe mikono yake juu ya Kongo na juu ya Afrika. Hakutuambia sisi tuache kufanya kazi.

MCHEZO WA PILI, WA KUULINGANISHA

Yuko Mwafrika aliyejaribu kutuonyesha tukiwa na sura na majina. Ni Olivier Madiba wa Yaoundé, Kameruni. Yeye na wenzake wa Kiro'o Games walitoa Aprili 2016 mchezo wa kompyuta uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Ndani yake mwana wa mfalme, Enzo, anapinduliwa siku ileile ya arusi yake na ya kutawazwa kwake. Anakwenda uhamishoni pamoja na mke wake, Erine, kutafuta nguvu ya kurudi.

Katika michezo mingi ya kigeni mwanamke ni wa kuokolewa tu. Hapa mke ni mwenzi wa safari, anashauri na anapigana bega kwa bega na mumewe. Ndoa haikuwekwa kama pambo, ni msingi wa hadithi. Jambo hilo lapendeza kwa Mkristu. Mchezo wenyewe una maneno mengi mno, na habari za nguvu za mababu zataka msomaji aliyekwisha kufundishwa imani yake vizuri. Lakini unapomaliza umekutana na watu, na watu hao wana nchi. Pedercini alisema ukweli bila sura zetu. Madiba alichora sura zetu katika nchi ya kubuni. Mchezo utakaosema ukweli wetu kwa sura zetu bado twaungoja, na labda mtungaji wake yuko shuleni sasa Kirumba au Butembo, anasumbuka na hesabu.

UHURU WA KUACHA

Wazazi watauliza: "Na michezo ile ya mpira, na ile ya kupanga vitamutamu vya rangi, inayopoteza jioni za watoto wetu, yenyewe je?" Haina picha za kutisha, ni kweli. Lakini mizani yetu ni ileile: je, yamwacha mchezaji huru?

Mingi hutolewa bure, kisha inakuomba kidogo kidogo. Sanduku lililofungwa linauzwa, nawe hujui lina nini ndani, labda mchezaji hodari, labda takataka. Huo ni mchezo wa kamari uliovaa nguo za watoto. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 ya kuwa masanduku ya namna hiyo yanavunja sheria yake ya kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA iliacha kuuza huko sarafu za mchezo wake wa FIFA zilizotumiwa kuyafungulia. Watoto wa Ubelgiji walilindwa. Wa kwetu atawalinda nani, isipokuwa baba na mama? Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoa kibaba hicho unga wote, leo franka za mega, kesho za kuchaji, kesho kutwa za sanduku.

Tazameni mfano wa Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa kijana wa Milano, akafa mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alijua kompyuta vizuri, na PlayStation alikuwa nayo. Alijiwekea saa moja tu kwa juma ya kucheza. Hakuitupa mashine wala hakuiogopa. Aliitawala. Na muda uliobaki aliutumia kwa Ekaristi, kwa maskini, na kwa kuandika habari za miujiza ya Ekaristi katika intaneti.

Hapo ndipo naona jibu ambalo Phone Story haukulitoa. Mchezo ule unakupa njia mbili tu, kumkaripia mtoto au kushindwa. Lakini kuna njia ya tatu, ambayo haimo ndani ya kioo: kuiweka simu chini, na kumtazama jirani. Mchezo mbaya ni ule unaofanya bidii ili usiione njia hiyo. Mchezo mwema ni ule unaokurudisha kwake ukiwa na macho mapya.

Basi vijana, chezeni, lakini mjue mnachokishika mkononi. Simu ikiharibika, mpelekeeni fundi kabla ya kutamani nyingine, maana ndani yake mna jasho la ndugu. Wekeni saa yenu ya kucheza kabla ya kuiwasha, si baada ya macho kuchoka. Nanyi wazazi, msikaripie tu kutoka mlangoni. Kaeni karibu na mtoto, mwulizeni mchezo huo unasema nini. Mkiona hawezi kujibu, mmekwisha kujua pa kuanzia mazungumzo.