Gome la Msokonoi Maabarani

Gome la msokonoi ni kali. Ukilitafuna, ulimi unawaka. Wakikuyu wanauita mti huu muthiga, wanasayansi Warburgia ugandensis, na tangu zamani gome lake limetafunwa kutuliza kikohozi na maumivu ya jino. Mtaalamu wa maabara anataka kujua kama bakteria nao wanashindwa na ukali huo.

Gome limekaushwa kivulini, likasagwa, unga ukalowekwa siku 3 katika ethanoli. Sasa anauchuja kwa karatasi, tone kwa tone, bila kukamua. Kisha anaivukiza ethanoli kwa joto lisilozidi nyuzi 40, maana moto mkali huweza kuharibu viini vya dawa. Kinachobaki ni dondoo zito la kahawia. Analipima kwa mizani na kuandika.

Bakteria, Staphylococcus aureus, wako kwenye kichupa cha maji ya chumvi. Anakiinua sambamba na kichupa cha kulinganishia, kipimo cha McFarland 0.5, yaani takriban seli milioni 150 kwa mililita. Nyuma ya vichupa kuna kadi yenye mistari myeusi. Anatazama mistari inavyofifia, anaongeza tone la maji ya chumvi, anatikisa, anatazama tena. Ukungu wa vichupa viwili ukilingana, ndipo anachovya kijiti cha pamba.

Anakibinya kijiti ukutani mwa kichupa, anapaka uso mzima wa agari, rojo lililoganda sahanini la kukuzia bakteria. Anazungusha sahani nyuzi 60, anapaka upya. Anazungusha tena, anapaka, akimalizia ukingoni. Agari yenyewe ina kina cha milimita 4. Ikizidi, duara ambamo dawa imezuia bakteria kukua husinyaa na kipimo kinadanganya.

Kwa bomba la chuma anatoboa vishimo vya milimita 6. Kimoja kinapata dondoo lililoyeyushwa katika kiyeyusho, kingine antibiotiki, cha tatu kiyeyusho kitupu. Hicho cha tatu ndicho ninachokiheshimu zaidi: bila hicho, nani angejua kilichoua bakteria ni gome au ni kiyeyusho?

Baada ya saa 18 katika nyuzi 35, dondoo limezungukwa na duara safi. Kiyeyusho hakina kitu. Anapima duara kwa rula, mara mbili, kwa kukatisha. Hashangilii. Ukubwa wa duara hutegemea pia wepesi wa dawa kusambaa kwenye agari, kwa hiyo duara kubwa peke yake halithibitishi nguvu. Anaanza kulizimua dondoo nusu kwa nusu, kutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Vipimo vya sumu vitafuata, kabla mgonjwa yeyote hajapewa hata tone.