Hesabu ya Dola 87

Mwezi wa Aprili mwaka 1964 iliwasili Portland, katika jimbo la Oregon huko Marekani, shehena ya jozi 300 za raba za kukimbilia zilizotengenezwa Japani na kampuni ya Onitsuka ya mji wa Kobe, na aliyeipokea alikuwa kijana wa miaka 26, Phil Knight, mhasibu kwa taaluma na mkimbiaji kwa mapenzi, ambaye yeye na Bill Bowerman, aliyekuwa mwalimu wake wa riadha katika Chuo Kikuu cha Oregon, walikuwa wametoa dola 500 kila mmoja ili kuzinunua. Ubia wao waliuita Blue Ribbon Sports, nao ndio uliokuja kuitwa Nike. Lakini habari za Nike iliyokwisha kutajirika zimesimuliwa mpaka zimechakaa, na leo sina haja nazo. Ninachotaka kukichambua ni ile miaka mitano, tangu 1964 hadi 1969, ambayo sehemu yake kubwa mtu huyu aliiendesha biashara yake jioni na siku za mapumziko, huku mchana akila mshahara wa watu wengine.

Wasimulizi wa mambo ya tijara wana dasturi ya kumtukuza mtu kwa ile siku aliyoitupa kazi ya kuajiriwa, kana kwamba barua ya kuacha kazi ndiyo iliyomzalia mali. Knight naye aliitupa, tena mapema: shehena ile ya kwanza ilipofika aliiaga afisi ya wahasibu ya Lybrand, Ross Bros. & Montgomery, akazipakia raba zake ndani ya buti la gari lake la kijani aina ya Plymouth Valiant, na majira yote yale ya kuchipua akawa hana kazi ila kuzunguka katika viwanja vya mashindano, akizungumza na makocha, wakimbiaji na watazamaji baina ya mbio moja na nyingine; na mtu huyu, ambaye miaka miwili kabla alishindwa kabisa kuuza ensaiklopidia mlango kwa mlango huko Honolulu, akajikuta mwezi wa Julai hana hata jozi moja iliyobaki. Wasimulizi wetu hulipita upesi lile lililofuata, nalo ni kwamba baadaye alirudi kuajiriwa, safari hii katika afisi ya Price Waterhouse, ilhali biashara yake haikuwa imefilisika wala haikukosa wanunuzi. Alirudi kwa sababu ilikuwa ikiuza mno.

Neno hili lataka kuelezwa, maana kwa sikio la kawaida ni kama upuuzi. Jozi moja iliwasimamia kwa dola 3.33, nao wakaiuza kwa dola 6.95, na asiyezoea daftari atasema kwamba biashara inayozaa zaidi ya maradufu haiwezi kuishiwa na fedha. Na tupige hesabu, kwa bei ya kununulia peke yake. Jozi 300 zikiuzwa zote, bila ya moja kupotea wala kurudishwa, huingiza dola 2,085. Mwenye biashara akitaka sasa kuagiza mara mbili ya zile za kwanza, yaani jozi 600, atatoa dola 1,998, na mkononi mwake zitabaki dola 87, ambazo kwazo atagharimia petroli ya kuzungukia viwanjani, stempu, bahasha, simu za mbali, na tonge la kinywa chake mwenyewe. Akitaka kuagiza mara tatu, jozi 900, atahitaji takriban dola 3,000, na hapo amepungukiwa na zaidi ya dola 900 kabla hajanunua hata kikombe cha kahawa. Basi jozi 900 ndizo hasa alizoagiza Knight mara baada ya kumaliza zile 300; na Benki ya First National ya Oregon ikamkopesha kwa kuwa baba yake, mtu mwenye hadhi na mchapishaji wa gazeti la Oregon Journal, alimwandikia barua ya dhamana. Benki ililikopesha jina la baba. Raba zenyewe haikuziamini.

Kila mwenye duka la rejareja huku kwetu ameyaonja haya, ijapokuwa hakuyaandika. Duka likiwa dogo na lisilokua, faida huonekana sandukuni. Duka likianza kukua, faida yote hugeuka kuwa magunia, makatoni na marobota yaliyopangwa bohari, na mwenyewe akawa tajiri wa vitu na maskini wa fedha. Kwa anayeagiza ng'ambo taabu huzidi, kwa kuwa fedha hutoka leo, bidhaa huja baada ya miezi, na pengine zikaja na nambari za miguu ambazo hakuziagiza. Nazo shehena za Onitsuka zilikuwa na tabia hiyo, ya kuchelewa na ya kuja pungufu. Knight, badala ya kuagiza kwa kadiri ya alichonacho, kila alipouza aliagiza maradufu. Mwaka 1964 waliuza jozi 1,300 kwa dola 8,000. Mwaka 1965 mauzo yalifika dola 20,000. Na benki, badala ya kumpongeza, ikamwonya apunguze mwendo.

Onyo hilo lilikuwa na msingi wake. Katika mizania ya biashara upande mmoja huandikwa mali, na upande wa pili huandikwa madeni pamoja na lile fungu la wenyewe, yaani mtaji waliouweka na faida waliyoiacha ndani. Mfanyabiashara anayekopa ili anunue bidhaa huongeza pande zote mbili kwa kipimo kimoja, mali ikapanda na deni likapanda, na fungu la wenyewe likabaki jembamba kama uzi katikati ya milima miwili. Mkopeshaji huutazama uzi huo, kwa sababu siku bidhaa zikikwama bandarini au zikikosa mshitiri, huo tu ndio utakaokatika kabla ya fedha yake kuguswa. Knight hakuwa na nyumba ya kuweka rehani, wala ardhi, wala jamaa wa kumwingizia mtaji mwingine. Na baba yake alikuwa amekwisha kufikia ukingo wa subira.

Hapo ndipo mshahara ulipoingia, nao haukuingia kwa njia ambayo wengi huidhania. Tumezoea kusema kwamba mwajiriwa mwenye biashara ya pembeni hutegemea mshahara ili asilale njaa biashara ikianguka. Yaani mshahara ni godoro la kuangukia. Knight aliutumia kwa tadbiri nyingine: sehemu kubwa ya alicholipwa na Price Waterhouse aliipeleka kwenye akaunti ya Blue Ribbon, ikaandikwa kuwa mtaji, na kila dola iliyoingia hivyo ikaunenepesha ule uzi ambao benki ilikuwa ikiupima kwa jicho kali. Wakati huohuo, maadamu tumbo lake lililishwa na mwajiri, biashara haikulazimika kumlisha, na faida yote ilibaki ndani kununua raba nyingine. Kwa hiyo mshahara mmoja ulifanya kazi mbili katika daftari moja, ya kuongeza kilichoingia na ya kuziba kilichokuwa kitoke. Na mimi naona kwamba hii ya pili, isiyoandikwa mahali popote kwa kuwa hakuna tarakimu ya fedha ambayo haikutoka, ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa kijana asiye na mke, aliyekaa muda mrefu nyumbani kwa wazazi wake. Mshahara wa karani wa Mombasa au wa Dar es Salaam, kabla haujafika kwenye biashara yoyote, umekwisha kupitia karo, kodi ya nyumba, mchango wa harusi, matanga ya shambani na mgonjwa wa binamu, na anayemwambia mtu kama huyo apeleke nusu ya ujira wake kwenye mtaji hajui anasema na nani. Ndiyo maana biashara nyingi za maofisini kwetu huanza kwa bidhaa za mtu mwingine. Nilipokuwa karani wa hesabu, jirani wa meza yangu alikuwa na droo ya chini isiyofunguliwa mbele ya mkuu wa idara, na ndani yake kulikuwa na doti za kanga zilizokunjwa kwa ustadi, chupa za manukato zilizofungwa kwa soksi zisigongane, na daftari la jalada gumu ambalo kila ukurasa ulikuwa na jina la mmoja wetu. Alipewa mali kauli na mwenye duka, naye akatupa sisi mali kauli mpaka mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, nusu ya idara ilikuwa na safari za dharura. Tofauti kubwa baina ya jirani yangu na Knight ni kwamba yule wa Oregon soko lake halikuwa ofisini. Wanunuzi wake walikuwa viwanjani na kwenye barua, watu wasiomjua, ambao hakulazimika kuwaonea haya wala kukutana nao kesho yake kwenye ngazi.

Faida nyingine aliyoipata katika Price Waterhouse haikulipwa kwa hundi. Kazi ya mhasibu wa namna ile ni kufungua vitabu vya kampuni za watu na kuona ni wapi panapovuja, na Knight, aliyekuwa na jeraha lilelile nyumbani, alivisoma kwa makini kama mgonjwa anayemsikiliza tabibu akieleza maradhi ya jirani. Aliona jinsi kampuni zinavyouza, jinsi zinavyopona, na jinsi zinavyokufa. Na kwamba aghalabu zilizokufa zilikosa fedha taslimu na mtaji, wala si bidhaa njema. Kuna watakaosema kwamba huko ni kumwibia mwajiri. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa kujifunza namna maduka yanavyokufa si kuiba siri ya duka. Lakini swali lenyewe si la mzaha, na huku kwetu limejibiwa kwa majibu yanayogongana. Huko Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, na katika hesabu hiyo waliingizwa watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba, mpaka masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Ilhali Kenya, baada ya tume ya Ndegwa ya mwaka 1971, iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao. Aliyewahi kumngoja afisa dirishani huku afisa mwenyewe yuko dukani kwake atajua kila upande uliogopa nini.

Nimekwisha kusema ya fedha. Yamebaki ya wakati, na hapa Knight hakusalimika vizuri. Kazi ya Price Waterhouse ilimla siku sita za wiki, na kwa hakika biashara haikuendeshwa na saa zake zilizobaki, iliendeshwa na mtu mwingine. Huyo alikuwa Jeff Johnson, mkimbiaji aliyejuana naye katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye naye alikuwa mwajiriwa, mtumishi wa ustawi wa jamii katika wilaya ya Los Angeles, akiuza raba za Onitsuka mwishoni mwa wiki kwa kamisheni. Mwaka 1965 aliacha kazi yake akawa mfanyakazi wa kwanza wa kudumu wa Blue Ribbon, kwa dola 400 kwa mwezi. Johnson alikuwa na kadi kwa kila mteja, na katika kadi hiyo aliandika kipimo cha mguu, aina ya raba aliyonunua na alichokipenda au kukichukia, na kwa kadi hizo aliwaandikia barua, akawapelekea salamu za sikukuu, akawauliza vidole vyao vinaendeleaje. Mwaka 1966 akafungua duka la kwanza, huko Santa Monica. Kwa Knight pia alikuwa akiandika mfululizo, akiuliza, akishauri, akilalamika, naye Knight akawa hajibu. Wapo wanaoiita tabia hiyo hekima ya kumwachia mtu uhuru. Mimi naiona zaidi kuwa ni uchovu wa mtu anayerudi nyumbani usiku, na bahati yake ni kwamba aliyemwacha bila majibu alikuwa ni Johnson. Angekuwa wakala wa kawaida, angekata tamaa kabla ya mwaka kwisha, na zile jozi zingelala bohari.

Basi Knight akafanya jambo ambalo wengi wangeona ni kurudi nyuma: aliiacha afisi ile kubwa akaenda kufundisha uhasibu katika chuo cha Portland State, akipunguza ujira na kununua saa. Chuo kilimpa pia asichokitarajia, kwani katika darasa lake alikuwamo mwanafunzi hodari, Penelope Parks, aliyemwajiri kutunza vitabu vya Blue Ribbon, na mwaka 1968 wakaoana. Biashara ikaendelea kukopa, kuagiza, kuuza na kukopa tena, na muda wote huo ilimlipa Johnson na wengine waliomfuata, isipokuwa mwenyewe. Mwaka 1969, alipoona kwamba mauzo yaweza kumlipa bila ya kuipunguza shehena inayofuata, Knight aliaga Portland State, na jina lake likaingia katika orodha ya mishahara ya Blue Ribbon, miaka minne baada ya jina la Johnson.