Kasoro ya Istilahi "Uhalisia Pepe"
Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani chenye kutoa picha za kompyuta. Teknolojia hiyo imekua. Istilahi yake ya Kiswahili, "uhalisia pepe", ingali na kasoro. Katika "barua pepe", barua ni ya kweli na humfikia aliyeandikiwa. Kwa mkulima wa mpunga wa Kyela, pepe ni punje tupu. Je, mwanafunzi wa Tukuyu avaapo kifaa hicho akaliona Ziwa Ngosi pasipo kupanda mlima, ameona lipi? Ameona mfano wa ziwa: si ziwa lenyewe, wala si utupu. Kwa hiyo tunapendekeza "uhalisia wa kuigiza", kabla vitabu vya shule havijaizoea kasoro hii.