Kutoka Nyakabande hadi Nakivale: Hesabu ya Safari ya Kipupwe

Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Bunagana, mashariki mwa Kongo, na makumi ya maelfu ya watu wa Rutshuru wakavuka mpaka kuingia Kisoro, nchini Uganda. Wengi walibaki karibu na mpaka wakivizia nafasi ya kurudi shambani. Waliokubali kuhamishwa walipitia kituo cha Nyakabande, wakapandishwa mabasi kwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Ni karibu kilomita 280. Dereva wa lori ataiona fupi. Mama mwenye watoto watano, mmoja mgongoni, haioni fupi hata kidogo, na ni kwa ajili yake naichambua safari hii.

Tuanze na baridi. Mji wa Kisoro uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Kabale hupanda kwanza hadi Kanaba, kisha hupenya Msitu wa Echuya, ulioko kati ya mita 2,270 na 2,570. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala barabarani na watoto hutetemeka. Nakivale iko mita 1,200 na kitu. Kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka nyuzi sita hivi, kwa hiyo mtoto aliyepanda basi akitetemeka atashuka anatiririka jasho, siku ile ile, ndani ya nguo zile zile. Isingiro si jangwa, ila imo katika ukanda mkavu wa wafugaji wa Ankole, na ukame wa 2016 uliwafikisha hata wenyeji kwenye njaa. Blanketi na maji vinatakiwa viwe mkononi mwa abiria. Ni rahisi sana kukosea hapa: magodoro, sufuria na majerikani hupakiwa kwenye lori la mizigo, na maji ya kunywa yakaondoka pamoja nayo.

Lakini kiini cha kazi yote ni orodha. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo yenye dhamana ya wakimbizi nchini Uganda, ikisaidiana na UNHCR, na watu huandikwa kwa kaya. Kanuni hiyo naitetea kwa nguvu zote. Basi likibakiwa na viti vitatu na kaya inayofuata ina watu saba, viti hivyo viende vitupu. Hasara yake ni mafuta kidogo. Ukiwagawa wale saba, mtoto atalala Kisoro wakati nduguze wako Isingiro, na kuwakutanisha tena kunaweza kula wiki nzima za simu, barua na machozi. Kuna pia mtoto wa marehemu dada au wa jirani aliyeokotwa njiani wakati wa kukimbia: huyo aandikwe chini ya mlezi wake kabla basi halijawashwa, maana bila hivyo, kwenye meza ya uandikishaji Nakivale, hatakuwa na jina. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na mwenye homa kali wasubiri, na familia zao zisubiri pamoja nao.

Mteremko wa kuelekea Kabale unadai gia ndogo. Dereva akitegemea breki peke yake, zitapata moto na kulegea, naye ana watu hamsini nyuma yake. Kona nazo huwatapisha wasiozoea magari, basi mifuko igawiwe mapema. Kutoka Kabale kupitia Ntungamo hadi Mbarara lami ni nzuri, hakuna la kusema. Shida hurudi mwishoni, ukiiacha lami na kushika njia ya vumbi: gari la nyuma humeza vumbi la gari la mbele. Madirisha yakifungwa ni joto, yakifunguliwa ni kikohozi. Dawa yake ni kuachiana nafasi ya kutosha, hata kama msafara utarefuka.

Sasa saa. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, njiani ni saa saba; ongeza moja ya kujisaidia na kula, zinakuwa nane. Ukiondoka saa mbili asubuhi unafika saa kumi alasiri. Ukiondoka saa sita mchana unafika saa mbili usiku, na huku jua huzama saa moja. Familia inayoshuka gizani kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana haijui bomba liko wapi, choo kiko wapi, wala mtoto wake ameelekea upande gani.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga misafara ijayo, na bahati mbaya Kivu Kaskazini bado inaizalisha: wekeni dumu la maji kwa kila kaya ndani ya basi, na katika kila basi awemo mtu mmoja anayesema Kiswahili na Kinyarwanda. Na basi ambalo orodha yake haijakamilika kufikia saa nne asubuhi lisiondoke siku hiyo. Liondoke kesho yake mapema.