Wavulana Walikuwa na Kijiji Chao

Kitabu hiki kilinifikia nikiwa nimekwisha kustaafu. Aliniletea mtu mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana mvi kama mimi, akaniambia, "Mwalimu, soma, uone jinsi walivyotuandika." Nilikisoma barazani hapa Katumba Songwe katika msimu wa mvua, wakati mtu hana pa kwenda, kwa maana njia zote ni tope.

Kinaitwa Good Company, yaani Ushirika Mwema, nacho kilitolewa mwaka 1951. Mwandishi wake ni Monica Wilson, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekaa kwetu Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Godfrey alifariki mwaka 1944, ikawa kazi ya mjane kuyaandika waliyoyakusanya wote wawili.

Habari yenyewe ni ya vijiji vya rika. Mvulana akitimiza miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake. Walilala huko, lakini walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa yule. Walichunga ng'ombe na kulima mashamba ya baba zao. Walipooa, kile kibanda cha kitoto kikageuka kijiji kamili. Marehemu baba yangu alilala katika kijiji cha namna hiyo, na alipotaka kutusuta kwa uvivu alitukumbusha kibanda chake. Kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba mama huyu hakutunga.

Sifa kubwa ya kitabu ni subira. Mwandishi hatuhukumu wala hatusifu kupita kiasi. Neno letu ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza na wenzako, amelielewa vema hata akalifanya kuwa moyo wa kitabu kizima.

Hata hivyo nina ugomvi naye kidogo. Ushirika huo mwema ulikuwa wa nani? Wavulana walichelewa kuoa, huku wasichana wakiolewa wangali wadogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha wazee kuwa na wake wengi. Mwandishi anayataja hayo, lakini jina la kitabu linayafunika. Naona kama yeye mwenyewe alilitambua jambo hili, kwa sababu mwaka 1977 alitoa kitabu kingine kinachoeleza mabadiliko ya tangu 1875 hadi 1971, akakiita For Men and Elders. Jina hilo linasema wazi kwamba mambo yale yalikuwa kwa ajili ya wanaume na wazee.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika kwetu mwaka 1891. Baadaye zikaja shule, mibuni na mpunga wa kuuza, dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Ardhi ikawa haba, vijana wakatawanyika, vijiji vya rika vikafa. Mwaka 1963 Serikali ikaondoa utawala wa machifu. Kanisa likabaki miongoni mwa mahali pachache ambapo vijana wa rika moja waliweza kukusanyika. Je, tuliwapa nini? Tuliwapa kwaya, mikesha na benchi la nyuma.

Wako wahubiri wanaosoma habari hizi na kusema turudishe vijiji vya rika. La hasha! Hawajasoma mpaka mwisho. Nguvu ya vijiji vile haikuwa katika vibanda. Ilikuwa katika sherehe iliyoitwa ubusoka, iliyofanywa mara moja kwa kila kizazi, ambapo wazee waliwakabidhi vijana utawala na ardhi ikagawanywa upya. Kijana aliyelima shamba la baba yake alijua kwamba siku ya kukabidhiwa ipo. Alivumilia kwa sababu alikuwa na tumaini lenye miguu.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa mzee wa kanisa, katika ushirika ambao sitautaja, vijana walituomba kipande cha shamba la kanisa walime mpunga, na mapato yake wayasimamie wenyewe. Walikuja wakiwa wamevaa vizuri, na barua imeandikwa kwa mwandiko safi. Baadhi yao mwandiko huo niliwafundisha mimi. Tulijadili kwa muda mfupi tu. Mmoja wetu akasema, "Watoto hawa watakula fedha." Mikono ikainuliwa kukataa, na wangu ulikuwamo. Tukawaambia waendelee kuimba. Baada ya mwaka mmoja kwaya ilibaki na wasichana wachache. Wavulana wengine walikwenda kuendesha bodaboda upande wa Kasumulu, wengine walihamia makanisa ambayo kijana wa miaka ishirini na mitano anaitwa mchungaji. Tulisema wamepotoka. Hatukusema kwamba tuliwanyima.

Ndugu msomaji, kitabu hiki ni kigumu kupatikana, lakini ukikipata usikisome kwa kulilia zamani. Soma sura zinazoeleza jinsi wazee walivyoachia, kisha jiulize wewe umeshika nini mkononi. Babu zetu, ambao tuliambiwa walikuwa gizani, walijua kupanga siku ya kuondoka kitini. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu na kubatizwa tunasubiri mpaka tubebwe.