Uhakiki wa Vigezo vya Kuteua Mitindo ya Usanifu wa Huduma za Wavuti: Mifano ya Mifumo ya Umma Inayohudumia Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Tangu Roy Fielding alipoufafanua mtindo wa REST katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2000, mjadala wa usanifu wa huduma za wavuti umeegemea swali moja: REST au SOAP? Jibu linalofahamika sana ni la Pautasso, Zimmermann na Leymann (2008). Wao walipendekeza REST kwa uunganishaji wa dharura kupitia wavuti, na SOAP pamoja na viwango vinavyoiandama kwa mifumo ya taasisi inayotarajiwa kudumu na kudai uhakika wa hali ya juu. Uhakiki huu unaonesha kuwa mgawanyo huo hauhimili ushahidi wa mifumo ya umma nchini Tanzania.

Kazi ya mwaka 2008 ina ubora usiopingika: iliutoa mjadala kwenye ushabiki na kuuweka kwenye maamuzi ya usanifu yanayoweza kuorodheshwa na kulinganishwa. Udhaifu wake ni kuufunga uhakika wa mfumo kwenye uteuzi wa itifaki.

Mfano wa kwanza ni MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya unaoendeshwa kwa programu ya DHIS2 iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Kiolesura chake ni cha REST, nao umetumika nchi nzima kwa zaidi ya muongo mmoja. Huo si uunganishaji wa dharura. Zaidi ya hayo, takwimu huingizwa kwa amri ya POST, ambayo kiwango cha HTTP hakiihakikishii usalama inaporudiwa. Hata hivyo, takwimu iliyotumwa mara mbili haijumlishwi mara mbili, kwa sababu kila thamani hutambuliwa kwa kipengele cha takwimu, kipindi, kituo na mchanganuo wake. Uhakika huo unatokana na muundo wa data, wala si mtindo wa usanifu.

Mfano wa pili ni GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017. Taasisi hutuma ankara yenye kitambulisho chake, hupewa stakabadhi ya kupokelewa, kisha namba ya kumbukumbu ya malipo huletwa baadaye kwa ujumbe mwingine. Ujumbe huwa wa XML uliotiwa saini ya kidijitali na kusafirishwa kwa HTTP. Muundo huu si REST kwa maana ya Fielding, wala hauhitaji bahasha ya SOAP. Lakini unabeba fedha za umma.

Uzito wa hoja hii huonekana Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Mawasiliano yakikatika baada ya seva kupokea ujumbe na kabla ya jibu kurudi, mtumaji hawezi kujua kama kazi imefanyika. Atarudia. Katika mfumo usiotambua marudio, wagonjwa wa malaria wa zahanati moja huhesabiwa mara mbili na dawa huagizwa kwa makadirio potofu. Mvuvi naye huandikiwa ushuru uleule kwa ankara mbili.

Mtetezi wa SOAP anaweza kujibu kwamba kiwango cha WS-ReliableMessaging kimeshatatua tatizo hilo. Jibu hilo ni sahihi kwa sehemu tu. Kiwango hicho hulinda ujumbe mmoja kati ya mashine mbili. Hakimzuii karani kujaza fomu ileile upya kesho yake, kwa kuwa mashine huuona huo kuwa ujumbe mpya. Utetezi wenye nguvu zaidi ni ule wa mkataba rasmi wa ujumbe, unaozisaidia taasisi nyingi kuelewana. Lakini mkataba huo waweza kuandikwa kwa skima ya XML bila SOAP.

Kwa hiyo, tafiti zinazopima kasi ya REST na SOAP ndani ya mtandao mmoja wa maabara hupima jambo sahihi mahali pasipo sahihi. Uteuzi uanze na maswali matatu: kitambulisho cha muamala hutolewa na nani, jibu likichelewa nani husubiri, na saini hulinda ujumbe wenyewe au njia tu? Mtindo wa usanifu uteuliwe baada ya majibu hayo. Tasnifu isiyoyajibu, hata ikiwa na majedwali mengi ya kasi, haitakuwa imethibitisha kufaa kwa mfumo wake kwa mtumiaji wa Liuli au Mbamba Bay.